Ayala wa Uskoti: Mnyama Hana Mwenyewe, Mlima Una Wenyewe Wengi

Ukipiga goti mlimani kaskazini mwa Uskoti na kupekua kwa vidole vile vichaka vifupi vinavyofunika ardhi, mara nyingi utakuta msonobari mdogo usiozidi kimo cha kiganja. Utadhani umeota mwaka jana. Utazame vizuri. Shina lake ni nene kupita kawaida ya mche, limejaa vifundo, na kila kifundo ni mahali ncha ilipoliwa, tawi la pembeni likajaribu kushika nafasi yake, nalo likaliwa. Mti huo unaweza kuwa na umri wa miaka 15. Ncha ya mwisho nayo ina habari yake. Ikiwa imekatwa kwa mshazari, safi kama kwa kisu, huyo ni sungura. Ikiwa imechanika na kuacha nyuzinyuzi, huyo ni ayala, kwa sababu ayala, kama mbuzi na ng'ombe, hana meno ya mbele ya juu. Yeye hubana na kuvuta.

Sasa ayala huyo ni wa nani? Nani ana wajibu wa kumpunguza ili mti ukue? Swali linasikika jepesi, lakini Waskoti wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 60, wametunga sheria, wameunda tume, wamegombana kwenye kumbi za vijiji, na bado hawajamaliza. Njia waliyoitegemea zaidi muda wote huo ni wamiliki wa ardhi jirani kukaa pamoja kwa hiari na kukubaliana idadi. Nataka kuieleza njia hiyo kwa undani, kwa sababu ndani yake kuna hesabu ambayo watu wengi huikosea, hata wale wanaoishi na wanyama hao kila siku.

Kwanza mnyama mwenyewe. Jina ayala wengi wetu tunalijua kutoka kwenye Biblia kuliko kutoka porini, maana Afrika Mashariki hatuna mnyama huyu. Si swala, si kulungu, si paa. Swala akiota pembe, anakaa nazo maisha yake yote. Dume la ayala huangusha pembe zake zote mbili kila mwaka, kisha huota nyingine zenye matawi, ambazo mwanzoni hufunikwa na ngozi laini yenye manyoya mafupi kama mahameli. Ngozi hiyo ikikauka, dume hujisugua kwenye miti mpaka ibanduke. Uskoti ina aina nne za ayala wa porini. Wawili ni wenyeji: ayala mwekundu, mkubwa, anayetembea kwa makundi mlimani, na roe, mdogo, anayependa msitu na mashamba. Wawili waliletwa na watu: sika kutoka Asia ya Mashariki katika karne ya 19, na yule mwenye madoa ambaye ameletwa tangu zama za kati. Mgogoro mkubwa unamhusu ayala mwekundu wa Nyanda za Juu, yaani eneo la milima la kaskazini na magharibi mwa Uskoti, na makala hii itakaa kwake.

Katika sheria ya Uskoti ayala wa porini hana mwenyewe. Si wa serikali, si wa mfalme, si wa mwenye shamba. Lakini haki ya kumwinda inafuata ardhi: akiwa kwenye ardhi yangu, mimi au niliyempa ruhusa ndiye mwenye haki ya kumpiga risasi, na akishaanguka, nyama ni yangu. Akivuka mto kwenda kwa jirani, haki hiyo imehamia kwa jirani. Msomaji wa Tanzania ataona tofauti mara moja. Kwetu, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo mazungumzo yetu huanza na serikali, ndipo vijiji vikaunda Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori na kuomba haki ya kutumia. Uskoti mazungumzo huanza na mwenye ardhi, na serikali huingia baadaye, mara nyingi ikibisha hodi kwa unyenyekevu.

Na wenye ardhi wenyewe ni wachache. Takwimu inayotajwa mara kwa mara huko ni kwamba watu 432 hivi wanamiliki nusu ya ardhi yote ya binafsi vijijini. Miliki moja inaweza kuwa na maelfu mengi ya hekta za milima. Ungedhani basi kwamba kukubaliana ni rahisi, maana wanaohitaji kuitwa mkutanoni ni kumi au kumi na watano tu. Ugumu unaletwa na miguu ya ayala. Wakati wa kiangazi makundi hupanda juu kwenye majani mapya na upepo unaofukuza wadudu. Baridi ikikaza hushuka mabondeni kutafuta hifadhi. Majike ni watu wa kwao: jike huishi karibu na alipozaliwa, pamoja na mama yake, dada zake na binti zake, na eneo lake halibadiliki sana. Madume hutembea. Mwishoni mwa Septemba na Oktoba, msimu wa kupandana unapofika, huvuka mabonde wakinguruma usiku kucha kutafuta majike.

Weka hayo juu ya ramani ya miliki. Mmoja ana vilele ambako majike hula Julai. Wa pili ana bonde ambako majike walewale hujificha Januari na kula miche yake. Wa tatu hana majike wengi, lakini Oktoba madume hupita kwake na wageni wake hulipa pesa nyingi kuwawinda. Kundi ni moja, wenye haki juu yake ni watatu, na kila mmoja anaona kipande tu cha mwaka wa mnyama huyo. Ukimuuliza wa kwanza kama ayala ni wengi mno, atakuambia kwa moyo safi kwamba Januari hakuona hata mmoja.

Ilifikaje hapa? Mbwa mwitu wa Ulaya walikwisha Uskoti karne tatu hivi zilizopita, na linksi, yule paka mkubwa wa misituni, alitoweka mapema zaidi. Tangu hapo hakuna mnyama wa kumkimbiza ayala ila binadamu. Katika karne ya 19, baada ya wakulima wengi kuondolewa mabondeni kupisha kondoo, mtindo mpya ukaingia: matajiri kununua milima kwa ajili ya kuwinda madume. Familia ya kifalme ilinunua Balmoral mwaka 1852 na wengi wakafuata. Mamilioni ya ekari yakageuka kuwa kile walichokiita "misitu ya ayala", jina la ajabu kwa ardhi ambayo sehemu kubwa haikuwa na mti. Tangu wakati huo thamani ya miliki ya milimani imepimwa kwa sehemu kwa idadi ya madume inayoweza kuwindwa kwa mwaka. Ukishajua hilo, unaelewa kwa nini mwenye miliki huona ayala wengi kama akiba benki.

Serikali iliingilia kwa Sheria ya Ayala ya mwaka 1959, ikaunda Tume ya Ayala Wekundu. Sheria mpya ikaja 1996 na tume ikapewa majukumu mapana zaidi, hadi kuwahusu ayala wa aina zote. Mwaka 2010 iliunganishwa na shirika la serikali la mazingira, ambalo tangu 2020 linaitwa NatureScot. Vyombo vimebadilika majina, lakini msingi umebaki uleule: kusimamia ayala ni kazi ya mwenye ardhi, na ashirikiane na jirani zake. Hapo ndipo vinapoingia vikundi vya usimamizi wa ayala.

Kikundi cha ayala huchorwa kwa kufuata kundi la wanyama, si mipaka ya wilaya. Wataalamu wanatazama milima na mito, wanakisia kundi linaishia wapi, kisha kila mwenye ardhi ndani ya duara hilo anaalikwa. Vikundi hivi viko zaidi ya 40 katika Nyanda za Juu na visiwani, na chama kinachoviunganisha kiliundwa mwaka 1992. Mezani utakuta watu ambao vinginevyo wasingeketi pamoja: mwakilishi wa tajiri anayeishi nchi nyingine, shirika la misitu la serikali, shirika la kuhifadhi ndege, wafugaji wadogo wa kondoo, na siku hizi jamii zilizonunua ardhi yao wenyewe. North Harris, kwenye visiwa vya magharibi, kwa mfano, ardhi ilinunuliwa na wakazi mwaka 2003, na wakazi hao wana klabu yao ya kuwinda, kwa hiyo nyama ya mlimani sasa inafika kwenye majiko ya kijijini.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la kikundi huanza na kuhesabu. Mwishoni mwa majira ya baridi, theluji ikiwa bado imelala milimani, ayala huonekana wazi kama punje za pilipili juu ya ugali. Helikopta huruka bonde baada ya bonde, mpiga picha akichukua kila kundi, kisha watu huketi mbele ya kompyuta kuhesabu kichwa kimoja kimoja: madume, majike, ndama. Vikundi vingine huhesabu kwa miguu, wawindaji wakitembea kwa mstari siku moja wote kwa pamoja ili mnyama asihesabiwe mara mbili. Droni zenye kamera za joto zimeanza kusaidia, hasa misituni ambako helikopta haioni kitu.

Idadi hiyo ikishajulikana, kazi ya kweli ndipo inaanza, na hapa naomba msomaji awe mvumilivu kidogo kwa sababu kila kitu kinategemea hesabu ifuatayo. Huu ni mfano wangu, si kikundi halisi.

Tuseme kikundi kimehesabu majike 1,500 mwezi Machi. Kila jike huzaa ndama mmoja tu, kwa kawaida mwezi Juni, baada ya kubeba mimba miezi kama minane. Wengine hawazai, na ndama wengine hufa na baridi, kwa hiyo tuseme kwa kila majike 100 wanasalia ndama 35 kufikia masika yanayofuata. Hao ni ndama 525, na nusu yao, 262 hivi, ni majike. Majike wazima 40 watakufa kwa uzee na njaa. Kwa hiyo ili kundi libaki palepale, wanachama wote kwa pamoja lazima wapige majike 222.

Wakubaliane 200. Ni idadi kubwa, wawindaji watachoka, kila mtu ataona amefanya kazi. Baada ya mwaka majike ni 1,522. Baada ya miaka mitano ni karibu 1,650. Watu hao wamepiga majike 1,000 na kundi limeongezeka.

Sasa wakubaliane 280. Tofauti ni majike 80 tu kwa mwaka, na kwa miliki kumi ni nane kila moja. Baada ya mwaka majike ni 1,442, halafu 1,375, halafu 1,299, na mwaka wa tano wamebaki 1,110 hivi. Kuanzia hapo wanaweza kupunguza uwindaji, maana kundi dogo huzaa ndama wachache. Tofauti ya nane kwa kila miliki imezaa tofauti ya wanyama zaidi ya 500 mlimani. Nimeirudia hesabu hii mara kadhaa na kila mara inanishtua. Ndiyo maana kikundi kinachokubaliana "tutajitahidi" hakijakubaliana kitu. Lazima iandikwe namba, na namba igawanywe: wewe 40, wewe 25, wewe 12.

Utaona sijataja madume. Dume mmoja hupanda majike wengi, kwa hiyo kupiga madume hakupunguzi uzazi hata kidogo. Fundo lote liko kwa majike, na hapo ndipo utashi wa wenye ardhi hupungua. Dume huja na mgeni anayelipia risasi, chumba, chakula na bahashishi ya mwindaji. Jike huja na gharama. Hakuna mtu anayesafiri kutoka mbali kuwinda jike asiye na pembe katikati ya mvua ya mawe. Msimu wa majike wekundu huanza tarehe 21 Oktoba na kuishia 15 Februari, siku ambazo katika Nyanda za Juu zina mwanga wa saa sita au saba tu wakati wa Desemba.

Fikiria siku moja ya kazi hiyo. Mwindaji mwajiriwa wa miliki huondoka nyumbani gizani. Hupima upepo kwanza, maana ayala akinusa mtu umbali wa kilomita moja, siku imeharibika. Akiliona kundi hulizunguka kwa saa nzima au zaidi, na mita za mwisho huzipita kwa tumbo, ndani ya mboji yenye maji ya barafu, bunduki ikiwa mbele yake. Lazima amtambue jike kabla ya kufyatua: ana ndama au hana? Akimpiga mama na kumwacha ndama wa miezi sita katika baridi ile, ndama atakufa taratibu, kwa hiyo mwindaji anayejiheshimu humpiga na ndama. Kisha humpasua mnyama pale pale, hukagua matumbo na tezi kuona kama kuna ugonjwa, na humteremsha kwa farasi au kwa gari dogo la magurudumu manane. Kwenye chumba cha nyama humpima uzito na kuondoa taya la chini, kwa sababu umri husomwa kwenye meno. Kila taya hupewa lebo. Jioni huandika daftarini: tarehe, mahali, uzito, umri, alikuwa na maziwa au hakuwa. Fanya hivyo mara 40 kabla ya katikati ya Februari, peke yako. Mtu anayesema ofisini kwamba "wapunguze tu majike" angefaa aifanye kazi hiyo siku mbili.

Ndiyo maana vikundi vinavyofanikiwa havigawani namba peke yake, hugawana na mzigo. Miliki ndogo isiyo na mwindaji humkaribisha wa jirani. Chumba cha baridi hujengwa kimoja, kila mtu hupeleka nyama hapo, na mnunuzi mmoja huja kuchukua mzigo mkubwa badala ya kupita nyumba kwa nyumba. Ada hulipwa kwa kadiri ya ukubwa wa ardhi ili katibu alipwe na muhtasari uandikwe. Haya yanasikika kama mambo madogo ya ofisini, lakini kwa maoni yangu ndiyo yanayotenganisha kikundi hai na kikundi cha chai na biskuti.

Kuna hoja moja inayoweza kumgeuza hata yule mwenye kupenda madume, nayo ilitoka kisiwani. Kisiwa cha Rum, pwani ya magharibi, kilinunuliwa na shirika la uhifadhi la serikali mwaka 1957, na ayala wake wamefuatiliwa na watafiti kwa miongo mingi, wengi wakijulikana mmoja mmoja. Kwa miaka ya mwanzo sehemu moja ya sita ya wanyama iliwindwa kila mwaka. Mwaka 1972 uwindaji ukasimamishwa upande wa kaskazini wa kisiwa. Majike wakaongezeka, na madume wakapungua. Sababu ni njaa. Ndama dume anahitaji chakula zaidi kuliko dada yake, kwa hiyo mlima ukijaa, yeye ndiye anayekufa kwanza, na anayesalia huhama mapema kutafuta nafasi kwingine. Maana yake ni kwamba mwenye miliki anayewabakiza majike wengi akidhani anafuga madume, anawafukuza madume aliowataka. Hoja hii inaongea na mfuko wake, na nimeona inafaa kuliko mahubiri yoyote juu ya miti.

Hata hivyo wako ambao lengo lao si madume kabisa, na hapo ushirikiano hupasuka. Miliki moja ikitaka msitu urudi wenyewe bila uzio, lazima ishushe ayala hadi wachache mno kwa kila kilomita ya mraba. Bonde lake likibaki na majani mazuri na nafasi, ayala wa jirani huingia kutafuta kimbilio la baridi, na huko hukutana na bunduki. Jirani anaona wageni wake hawapati madume. Kwake huo ni wizi wa polepole. Kwa mwenye msitu, jirani ndiye anayefuga kundi lake kwenye miche ya mwenzake. Wote wawili wana haki kwa mujibu wa sheria, na wote wawili wanasema kweli.

Glenfeshie, katika milima ya Cairngorms, ndipo ugomvi huu ulipolipuka hadharani mwaka 2004. Misonobari ya kale ilikuwa inazeeka bila watoto, tume ikaamua hali ni mbaya, na wawindaji wakapelekwa mlimani kwa helikopta kupunguza kundi haraka. Wawindaji wa jadi waliandamana. Hawakupinga kupunguza peke yake, walipinga namna, kasi, na kile walichokiona kama dharau kwa mnyama na kwa kazi yao. Miaka mingi baadaye miche ya misonobari na mibetula, miti ile ya magome meupe, imejaa bondeni humo bila uzio, na miliki hiyo leo iko katika ushirika wa majirani uitwao Cairngorms Connect, unaoshughulikia kilomita za mraba 600 na kupanga kwa miaka 200 ijayo. Naamini miti ile ilistahili kuokolewa. Naamini pia kwamba kidonda cha 2004 kiliwafanya watu wengi waogope neno "kupunguza" kwa muda mrefu kuliko ilivyolazimu.

Kinyume chake kipo Creag Meagaidh. Shirika la uhifadhi la serikali lilinunua mlima huo mwaka 1985, baada ya mpango wa kuupanda miti ya kibiashara kuzua upinzani. Walipunguza ayala polepole, mwaka baada ya mwaka, wengine kwa risasi na wengine kwa kukamatwa wakiwa hai, bila kujenga uzio wa kuwazuia. Mibetula ilipanda mlimani yenyewe.

Kwa nini wasiweke uzio tu? Wengi huuliza. Uzio wa ayala ni ghali, theluji huuangusha, na ndege mkubwa wa misonobari wa jamii ya kwale, ambaye ni adimu sana Uskoti, hujigonga kwenye nyaya na kufa. Zaidi ya hayo, uzio haupunguzi ayala hata mmoja. Unafunga bonde walilokuwa wakikimbilia baridi na kuwasukuma kwa jirani. Kwa hiyo kikundi makini hudai kwamba anayetaka kujenga uzio alete ramani mkutanoni kwanza, na akubali kupiga wanyama wanaolingana na nafasi anayoifunga.

Swali gumu zaidi ni hili: itakuwaje mmoja akikataa? Kikundi ni cha hiari, hakina uwezo wa kumlazimisha mtu. Sheria ya 1996 ina kifungu cha 7, kinachoruhusu makubaliano rasmi kati ya mamlaka na wenye ardhi pale ayala wanapoharibu misitu, mashamba au mazingira. Kifungu cha 8 ni cha lazima: mamlaka inaweza kuagiza idadi ipunguzwe, na mwenye ardhi asipotii, inaweza kufanya kazi yenyewe na kumdai gharama. Kwa zaidi ya miaka 20 kifungu cha 8 hakikutumika hata mara moja. Watetezi wa hiari husema hiyo ni dalili kwamba hiari inatosha. Mimi sikubaliani nao. Fimbo ambayo kila mtu anajua haitatoka nyuma ya mlango si fimbo, na yule mwanachama mmoja mkaidi alijua hivyo vizuri kuliko wote.

Bunge la Uskoti lilianza kukaza kidogo kidogo. Sheria ya mwaka 2011 ilileta kanuni ya utendaji juu ya ayala, iliyoanza kutumika 2012. Mwaka 2013 kamati ya bunge ilivibana vikundi: viwe na mipango iliyoandikwa, iwekwe wazi kwa umma, hadi mwisho wa 2016. Vikundi vingi vilishtuka na kuamka. Kabla ya hapo mipango mingi ilikuwa kichwani mwa katibu, na leo mwananchi yeyote anaweza kusoma kikundi cha bonde lake kimepanga kupiga majike wangapi na kimepiga wangapi kweli. Mwanzoni mwa 2020 kamati huru ilitoa ripoti yenye mapendekezo 99, mojawapo likiwa kwamba ayala wekundu kwenye maeneo makubwa ya wazi ya Nyanda za Juu wasizidi 10 kwa kilomita ya mraba. Makadirio yanayotajwa na serikali yanasema ayala wa aina zote wamefikia karibu milioni moja kutoka 500,000 mwaka 1990, ingawa zaidi ya 100,000 huwindwa kila mwaka. Oktoba 2023 msimu wa kuzuia uwindaji wa madume ukafutwa, na Februari 2025 muswada ukawasilishwa ukipendekeza mamlaka iweze kuingilia si pale tu ayala wanapoharibu, bali hata pale wanapozuia mazingira yasirudi.

Wawindaji wengi hawakupenda kufutwa kwa msimu huo wa kuwaacha madume bila kuwindwa. Wanasema dume aliyetoka kwenye msimu wa kupandana ni mifupa mitupu na anastahili kuachwa apumzike. Nawaelewa. Na kwa hesabu tuliyoifanya, kumpiga dume Desemba hakusaidii idadi kushuka. Husaidia tu mkulima ambaye dume huyo yuko shambani kwake usiku huo.

Kuna kipimo kimoja ambacho naona kinapatanisha watu kuliko hoja zote, na vikundi vingi sasa vinakitumia. Badala ya kubishana ayala ni wangapi, wanakwenda kutazama wamekula nini. Huchagua sehemu kadhaa mlimani, huziweka alama, na kila baada ya miaka michache hurudi palepale. Mwindaji wa tajiri na mtumishi wa shirika la ndege hupiga magoti pamoja juu ya mita chache za mraba, huhesabu ncha za vichaka: ngapi zimeliwa, ngapi ziko salama. Hupima kimo cha miche. Hutazama kama udongo wa mboji umekanyagwa hadi umebaki wazi. Namba hizo huingia kwenye mpango, na idadi ya majike wa kupigwa mwaka ujao hupandishwa au kushushwa kwa kuzifuata.

Ule msonobari wa kimo cha kiganja, ukiachwa bila kuliwa, hauhitaji kupandwa upya. Mizizi yake tayari ina miaka 15. Unahitaji misimu kadhaa mfululizo ya kutong'atwa, ncha ipite juu ya vichaka, kisha juu ya bega la ayala, na baada ya hapo ayala anaweza kusimama chini yake akijikinga upepo.